Daftari la Mateke ya Nusu

12 Machi, Alhamisi

Kwa sababu mikono ya mke wangu iko ndani ya mbuzi, ndiyo maana naandika mimi. Swali lenyewe kaniuliza Daktari Tsetsgee leo mbele ya watu: tumbo ni la Delgermaa, daftari unalishika wewe kwa nini? Nikamwambia huu ni mwezi wa mbuzi kuzaa, mke wangu anavuta vitoto tangu alfajiri, kalamu ataishikia wapi? Na mimi darasa la nne nilimaliza vizuri kabisa. Nilimaliza mara mbili.

Naitwa Baljinnyam, watu wanasema Balji. Nina gari la Kirusi la kijivu, na nauza chochote kinachoingia humo: betri, vitunguu, viatu vya mpira, machanuo ya kuchania mbuzi. Alhamisi nauza viti. Alhamisi ni siku ya skrini hapo zahanati ya tarafa. Tsetsgee anapitisha kidude tumboni, picha inakwenda Ulaanbaatar, daktari bingwa anaitazama akiwa amekaa kwenye kiti chake hukohuko. Sisi kufika huko ni siku moja na nusu ya kurushwarushwa. Kiti cha mbele nawapa wajawazito, kwa bei ya mtu mmoja na nusu. Wakilalamika nawaambia mbona mko wawili.

Leo zamu ilikuwa yetu. Huyo bingwa anaitwa Uranbileg, mwanamke mwenye miwani juu ya nywele. Mwanzo nilidhani ni yule wa kusoma hali ya hewa. Mama mkwe wangu, Mama Dulam, akamwona tu mtu mzima kaja mbele yetu, akamimina chai ya maziwa, akaweka bakuli kwa mikono miwili mbele ya skrini. Tsetsgee karibu azimie kwa kuogopea mashine. Uranbileg hakucheka. Alisema, "Asante mama. Niwekee, nitakuja kuinywa."

Wiki ishirini na nane. Mtoto yuko sawa. Lakini kwa sababu ya yule wa kwanza, kila siku Delgermaa anywe chai, alale ubavu wa kushoto saa mbili nzima, ahesabu mateke, na yaandikwe. Yakiwa chini ya kumi tusisubiri Alhamisi.

Yule wa kwanza alikuwa wa kiume. Miaka saba sasa. Alinyamaza tumboni, sisi tukasema amelala. Siandiki zaidi.

13 Machi

Ishirini na mbili. Delgermaa anasema "hilo", mimi natia kijiti daftarini. Nimekuwa mwamuzi wa mieleka.

14 Machi

Nimekamatwa. Mama mkwe kaniona na daftari, akauliza ni kitu gani hasa nakikaribisha kije kusoma. Mtoto hajazaliwa, na nguvu zake nimezianika kwenye karatasi, ndani ya hema ambalo mlango unashinda wazi. Mgeni akija kwetu anamwambia binti yetu una sura mbaya kama kiatu, na sisi tunafurahi tunamwongeza nyama. Huyo binti alizaliwa baada ya yule wa kwanza, ana miaka mitano, na jina tulilompa ni Enebish, yaani Si Huyu, ili anayetafuta watoto akifika aone kakosea hema. Halafu leo mimi naandika ishirini na mbili wazi, kama tangazo la duka.

Amri: andika nusu. Nikamtazama Delgermaa, naye akanifanyia lile jicho la fanya unavyoambiwa tulale.

Basi kumi na moja. Wewe unayesoma zidisha mwenyewe. Mimi vitu vya kupita siviogopi. Namwogopa mama mkwe.

17 Machi

Kumi. Mbuzi wanne wamezaa. Viatu vya mpira vimekwisha.

20 Machi

Kumi na mbili. Upepo.

21 Machi

Kumi na moja. Upepo. Mama mkwe amesema huyu mtoto ni mvivu, hafai kitu, akasema kwa sauti kubwa akiangalia tundu la paa, ili anayesikia asikie. Delgermaa alicheka hadi hesabu ikapotea, tukaanza upya.

26 Machi, Alhamisi

Leo zamu ya Enebish. Kila vumbi la majira haya likianza kifua chake kinapiga filimbi. Mwaka jana tulimpeleka mkoani, kilomita mia mbili na kumi, tukafika amepona, daktari akatutazama kama tumekuja kutembea. Leo tumeshuka zahanati filimbi ikiwa bado inalia. Tsetsgee akambandika kile cha kusikilizia mgongoni, na sauti ikaenda mpaka mjini. Daktari wa watoto, kijana mwenye masikio makubwa kama amezaliwa kwa kazi hiyo, akafumba macho akasikiliza. Akauliza jina la mtoto. Nikasema Si Huyu. Akauliza, kwa hiyo yuko wapi mwenyewe? Zahanati nzima chini kwa kicheko.

Kampa dawa ya kupulizia. Na kwa kuwa Enebish hajui kuvuta vizuri, akatufundisha kutoboa kitako cha chupa ya soda, unachomeka dawa kwenye tundu, mtoto anavutia mdomoni mwa chupa pole pole. Chupa. Mimi nina chupa mia kwenye gari. Nimekaa juu ya dawa miaka yote.

Nikamvuta Tsetsgee pembeni nikamwambia siri: namba za daftari ni nusu, mara mbili zote. Akacheka sana. Kazaliwa mabonde yaleyale, bibi yake alimwita yeye Mbwa Mbaya hadi alipoingia chuo. Akasema sawa, atazidisha.

30 Machi

Kumi na moja. Enebish anawapa mbuzi dawa kwa chupa. Hewa tupu, lakini mbuzi wanavuta.

5 Aprili

Kumi na mbili. Hakuna jipya, namshukuru nani sijui, namshukuru tu.

9 Aprili, Alhamisi

Kipimo. Uranbileg aliisogelea skrini. Akamwambia Tsetsgee arudie kupima paja la mtoto, halafu tumbo, halafu paja. Mwishowe akasema moyo mzuri, maji yapo, ila mtoto ni mdogo kuliko wiki zake. Si sana. Anataka kumwona tena Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu, na hapa katikati mateke ndiyo macho yake. Akasema hivyohivyo: mimi huku sioni kitu, nyie ndio macho yangu.

Mama Dulam alikuwa amefurahi. Kaambiwa mtoto ni mdogo, akaona ujanja wake umeanza kufanya kazi hadi mjini. Njia nzima nilinyamaza, na mimi nikinyamaza abiria wanauliza gari limeharibika wapi.

11 Aprili

Kumi. Naondoka kununua sufu. Mbuzi wameanza kuchanwa kusini, na anayefika wa kwanza ndiye anayepata ile laini. Kilomita tisini. Nimebeba na jenereta jipya la Kichina, kuna mzee analitaka. Delgermaa kasema nenda, atahesabu mwenyewe, mama yake atanipigia. Simu kwetu inashika sehemu moja tu, juu ya kilima nyuma ya hema, usimame mguu mmoja kwenye jiwe. Kwa hiyo mama mkwe maneno yake ni mafupi.

13 Aprili

"Kumi. Vaa kofia." Basi ishirini.

14 Aprili, Jumanne

"Tisa. Vaa kofia." Kumi na nane. Nimepata sufu nyeupe, ukiishika hujui kama umeshika kitu.

15 Aprili

"Saba. Kofia." Kumi na nne. Mzee wa jenereta anataka punguzo, na mimi nataka ajue kwamba silali kwa kuwaza ninavyomwuzia kwa hasara. Ni uongo, nalala vizuri.

16 Aprili

"Sita." Kumi na mbili. Bado ni juu ya kumi. Kofia hakuitaja. Nimezidisha mara mbili kwa kalamu, jibu ni lilelile.

17 Aprili, Ijumaa

Hii naiandika nikiwa zahanati, sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Naandika yote, kwa sababu Tsetsgee amesema niandike, na kwa sababu nisipoandika nitaongea, na hakuna anayetaka niongee.

Asubuhi mbingu ya kaskazini ilikuwa rangi ya chai iliyochemka mno. Wenyeji wangu wakaanza kufunga kamba za hema. Mimi nilikuwa na bakuli la chai mkononi. Nilikuwa nafikiria kofia. Yule mama hajawahi kukata simu bila kunitukana au kunivalisha kofia, miaka tisa. Nikampigia, haipatikani. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga hadi akapanda kilima ili anipigie, tukakutana.

Nikamwuliza, "Mama, zile namba za simu, ni nusu au kamili?"

Upepo ulipiga kelele simuni. Nikaibana simu sikioni.

Akasema, "Kamili. Tangu Jumanne nasema kamili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, mkwe wangu. Nusu ya kile kidogo ingebaki nini?"

Yaani mimi kule nazidisha, yeye huku ameacha kugawa. Kila mmoja anamlinda mtoto, na mtoto katikati anapungua. Nikamwuliza jana jioni. Sita. Na leo asubuhi, Delgermaa amelala ubavu akihesabu tangu kulipokucha: mawili.

Sufu niliiacha palepale kwenye magunia. Jenereta lilikuwa bado kwenye gari kwa sababu yule mzee ni bahili, Mungu ambariki kwa ubahili wake. Niliendesha kilomita tisini taa zikiwaka mchana. Nilipofika vumbi lilikuwa limetufikia wote. Delgermaa alikuwa mlangoni ameshafunga joho mkanda juu ya tumbo. Hakulia. Aliniambia tu, "Nilisema amelala, Balji. Nimesema tena amelala." Nikamwambia na mimi nilikuwa nazidisha, tuko wawili, twende.

Mama Dulam akachovya kidole kwenye masizi ya jiko, akampaka Delgermaa kwenye paji la uso, akampaka Enebish, akanipaka na mimi. Angetaka kupaka gari ningempa ngazi.

Kilomita arobaini, mwendo wa saa tatu. Sioni boneti. Enebish alianza filimbi katikati ya njia, bibi yake akamshikia chupa, vuta, toa, vuta, toa, na mimi nikawa naendesha kwa kufuata hiyo vuta toa. Kwa mara ya kwanza nilimsikia yule mama akihesabu kitu kwa sauti, wazi, bila kukata nusu: alikuwa na mkono kwenye tumbo la binti yake. Hadi zahanati alifika tatu.

Tsetsgee alifungua daftari, akaona "kumi na mbili" ya jana. Nikamwambia ni sita. Akalifunga. Laiti angenigombeza. Akampandisha Delgermaa kitandani na kuwasha mashine, na mashine haikuwaka. Umeme wa tarafa nzima ulikuwa umekwenda na upepo.

Basi nikashusha jenereta la kuuza. Nikalivuta kamba mara nne, likakohoa, likawaka, na pale pale likawa mtumba. Skrini ikarudi. Mtandao ukarudi baada yake, pole pole, kama mzee anavyonyanyuka. Uranbileg akatokea amevaa koti la nje. Walikuwa wamemrudisha toka langoni.

"Sogeza kushoto," akasema. "Zaidi. Hapo, usitikise."

Tulisikia moyo. Unapiga. Delgermaa akafumba macho. Halafu Uranbileg akaomba kusikia kamba ya kitovu, ile sauti ya damu inavyopita. Hata mimi wa darasa la nne nilielewa. Inakwenda, inasimama. Inakwenda, inasimama. Ilitakiwa isisimame.

Akatueleza bila kuzungusha. Kondo la nyuma limechoka. Chakula kinamfikia mtoto kwa mafungu, naye kakaa kimya ili asikitumie. Anabana matumizi. Hajashindwa bado, lakini tumboni hawezi kukaa hadi mwisho. Mapafu yake yanahitaji sindano mbili, moja sasa na moja kesho saa kama hii. Gari la wagonjwa la mkoa haliwezi kutembea kwenye vumbi hili, na yeye hataki tuzikwe njiani. Kwa hiyo mkanda wa kupima moyo utakaa tumboni kwa Delgermaa usiku na mchana, na mstari wake utaonekana kule mjini. Zamu yake ikiisha hatatoka. Wakati wowote upepo ukitulia, tunakwenda.

Nikamwuliza kile ambacho hakisaidii. Tungekuja Jumanne?

Aliteremsha miwani akanitazama. "Mmekuja leo, na leo moyo unapiga. Tufanye kazi ya leo."

18 Aprili

Upepo. Sindano ya pili imepigwa. Mstari unakwenda, unashuka kidogo, unarudi. Kila ukishuka sauti ya Uranbileg inatoka kwenye skrini: mgeuze ubavu. Au: mpe maji. Tsetsgee amelala kwa nusu saa mbili tofauti, ukizidisha ni saa moja.

Natia mafuta kwenye jenereta kila saa nne. Polisi wa tarafa, katibu, mwalimu mkuu, wote wananyonya mafuta kwenye magari yao na kuniletea kwenye makopo. Watu ambao nimewauzia betri zilizokufa. Hakuna aliyetaja betri.

Mama Dulam kaja kukaa sakafuni kando yangu. Akasema nitoe daftari, niandike upya, namba za kweli. Nikamwambia sizikumbuki zote. Akasema andika. Halafu akaanza: tarehe kumi na tatu Machi ishirini na mbili, kumi na nne ishirini na mbili, kumi na tano ishirini, kumi na sita ishirini na nne. Kurasa zote. Kila jioni amekaa nyuma ya jiko akijifanya anakoroga maziwa, kumbe anahesabu. Hakusoma hata darasa moja kati ya yangu manne, na zote anazo kichwani.

Miaka tisa nilidhani huyu mama hanipendi. Sasa najua ana watu wengi wa kuwaogopea, na mimi kaniweka humo, pamoja na kofia yangu.

19 Aprili, Jumapili

Kimya. Niliamshwa na kimya. Saa moja asubuhi gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka mkoani kuja kutupokea, sisi tukatoka na langu, tukakutana njiani, Delgermaa akahamishwa kama yai. Uranbileg alishawapigia. Tulipofika walijua kila kitu, hadi kwamba baba ni msemaji, akae nje.

Saa kumi na dakika kumi jioni amezaliwa. Wa kike. Amelia. Kidogo, kama mwanambuzi wa kwanza, lakini amelia.

Kilo moja na gramu mia saba. Kamili.

20 Aprili

Delgermaa mzima. Anaomba supu na kutukana hospitali kwa kutokuwa na chumvi. Mzima kabisa.

22 Aprili

Nimeambiwa ile sufu kainunua mchuuzi mwingine, pamoja na magunia yangu. Nimesikia, nikarudi kumwangalia mtoto. Ana kucha.

1 Mei

Kilo mbili kasoro gramu hamsini. Mama Dulam kaja na basi akiwa na maziwa makavu gunia zima kwa ajili ya wauguzi. Akamtazama mjukuu kwenye kile kisanduku cha kioo akasema, "Kibaya hiki, mnikinge macho." Wauguzi wakaitikia kweli mama, kibaya sana. Muuguzi mmoja ndiye aliyekuwa analia.

14 Mei, Alhamisi

Tuko nyumbani. Leo zahanati, skrini. Yule kijana mwenye masikio alimtazama mtoto anavyopumua, anavyonyonya, akamwambia Tsetsgee ampime kichwa na urefu. Kwenda mkoani hakuhitajiki, akasema, kila Alhamisi ya pili hapahapa inatosha. Akauliza na Enebish, akamwambia avute kwenye chupa aone. Akavuta vizuri, akampa na yule kijana zamu, chupa akaiegesha kwenye skrini.

Halafu Uranbileg akaingia, akakaa. Mama Dulam alishamimina. Akaweka bakuli mbele ya skrini kwa mikono miwili, na safari hii Tsetsgee hakusogeza mashine. Uranbileg akainama chini ya meza yake akatoa bakuli la kwake, lenye chai, la nyumbani, ukingo wa bakuli umemeguka kidogo. Akalinyanyua kwa mikono miwili.

"Nilisema nitakunywa," akasema.

Wakanywa, yule kule na yule hapa. Nilitaka kutia mzaha, nikauacha. Nikasema asante. Neno langu moja la siku nzima. Delgermaa anasema tuiandike tarehe.

21 Mei

Majani yametoka. Mbuzi wameshachanwa wote, mwaka huu sufu wameinunua wengine. Daftari limebaki na ukurasa huu mmoja. Tsetsgee anataka liwekwe zahanati, juu ya meza ya kusubiria, wajawazito wakisubiri skrini walisome. Kwa hiyo wewe unayesoma najua umekaa wapi, na najua kiti hicho kimelegea mguu wa nyuma, usijiegemeze.

Jina la mtoto siliandiki. Liko kwenye sikio lake, bibi yake alimnong'oneza mara tatu. Nje tunamwita Kikopo.

Sasa nina biashara na wewe. Kiti cha mbele cha gari langu, Alhamisi, bure. Vumbi, barafu, vyovyote, nakuja hadi mlangoni kwako, na ile ya mtu mmoja na nusu nimeifuta. Jenereta haliuzwi tena, liko nyuma ya zahanati, limefunikwa. Mimi natoa hayo.

Wewe unatoa mawili tu. La kwanza: ukipita kwetu, ukimwona Kikopo, sema ana sura mbaya. Sema kwa nguvu, ukiangalia tundu la paa, mama mkwe asikie afurahi, utapewa nyama. Kwenye sura danganya unavyotaka.

La pili: mateke niambie kamili.

Ukikubali, tia kijiti hapa chini.